Tazama: Mbwa Kiziwi na Kitenzi cha Kusikia

Ni vitenzi vichache vya Kiswahili vilivyobebeshwa mzigo mzito kama kitenzi kusikia. Sikio husikia sauti. Hilo halina mjadala. Lakini ulimi nao husikia utamu, ngozi husikia baridi, tumbo husikia njaa, moyo husikia uchungu, na pua husikia harufu. Wapo wanaoupinga mtindo huo wakitaka tuseme kuhisi, na wapo wasemao naona njaa, naona baridi, wakalitwika jicho kazi ya tumbo. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka mwanafunzi mmoja aliniuliza inakuwaje pua isikie. Jibu la vitabuni nilikuwa nalo. Jibu la maishani nililipata baada ya kustaafu, hapa Mponde, na aliyenipa ni mbwa.

Kitenzi hiki kina mzigo wa pili, nao ni utii. Mtoto mkaidi twasema hasikii, ingawa masikio yake ni mazima na akiitiwa chakula husikia kutoka ng'ambo ya bonde. Mtu aliyeshindikana hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sikio la kufa halisikii dawa. Katika shina hilohilo tumepata usikivu, ambao ni adabu, na masikilizano, ambayo ni amani baina ya watu. Wahenga waliuweka wema mwingi wa kuishi pamoja ndani ya sikio. Basi kiumbe aliyezaliwa na sikio lisilofanya kazi tumweke wapi?

Mponde ipo juu ya migongo ya Usambara ya Magharibi, upande wa Bumbuli, katika nchi ya chai. Nyumba zimekaa kwenye miteremko, mashamba yanaanzia mlangoni na kuishia bondeni, na ukungu huingia bila kubisha hodi. Huku mbwa hafugwi kwa mapambo. Hulinda kuku dhidi ya nguchiro, hulinda mahindi dhidi ya nyani, na usiku humjulisha mwenye nyumba kwamba kuna mgeni. Kwa hiyo jirani yangu, mkulima wa chai, alipogundua kwamba mmoja kati ya watoto watano wa mbwa wake ni kiziwi, hesabu yake ilikuwa fupi. "Mwalimu," aliniambia, "huyu ni mdomo wa kula tu. Kesho nampeleka bondeni." Kumpeleka bondeni maana yake ni kumtupa. Jioni ileile nilikwenda kwake na kikapu.

Mtoto yule wa mbwa alikuwa na wiki saba, mweupe kama pamba, ila baka moja la kahawia mgongoni. Jirani alikuwa ameona sawasawa. Mama yao alipokuja, wenzake walikurupuka kwa mlio wa makucha yake. Huyu aliamka pale tu walipomkanyaga. Hata hivyo nilimpima mwenyewe, kwa sababu mbwa ana njia nyingi za kumdanganya mpimaji. Ukipiga makofi karibu naye, husikia upepo wa viganja. Ukidondosha sufuria, husikia mtikisiko wa sakafu. Nilingoja alale juu ya gunia lililokunjwa, nikasimama mbali nyuma yake, mahali ambapo upepo haukuwa ukitoka kwangu kwenda kwake, nikagonga kopo kwa kijiko. Hakutikisa hata ncha ya sikio. Nilirudia kwa siku tatu, saa mbalimbali, na jibu likawa lilelile.

Kila mtoto wa mbwa huzaliwa macho na masikio yamefumba, na masikio huanza kufunguka atimizapo kama wiki mbili. Wale wenye uziwi wa kuzaliwa huupata katika majuma hayo ya kwanza, na mara nyingi sababu ni rangi. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye rangi, ndugu za zile zinazotia weusi na ukahawia katika manyoya. Seli hizo zinapokosekana, sehemu inayopokea sauti hufa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Ndiyo maana uziwi huonekana zaidi kwa mbwa weupe na wale wenye mabaka mengi meupe, kama mbwa wa aina ya Dalmatian. Charles Darwin, katika kitabu chake kuhusu asili ya spishi, alitaja jambo kama hilo kwa paka: weupe wenye macho ya buluu aghalabu ni viziwi. Hakuna laana hapo, wala mkono wa mtu. Nalisema hili kwa sababu kijijini kwetu lilikwisha kunong'onwa.

Kisha likaja suala la jina. Mbwa asiyesikia jina ampe nani? Nchi hii ina desturi ya kuwapa mbwa majina yenye ujumbe kwa majirani: utasikia mtu akimwita mbwa Mtajiju au Wema Hauozi, na aliyekusudiwa anaelewa. Mwenye mbwa huita, mbwa huja, na mshale umekwisha kutua. Mimi nilimwita wangu Tazama. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Nami nikaona kwamba, kati yetu wawili, aliyehitaji kuambiwa ni mimi. Kila nilitajapo jina lake najiamrisha mwenyewe.

Katika Chuo cha Ualimu Korogwe, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulifundishwa kwamba somo hutoka kwenye lijulikanalo kwenda kwenye lisilojulikana. Tazama alijua jambo moja: dagaa. Somo la kwanza likawa rahisi. Sikumpigia ishara yoyote. Nilikaa kibarazani na dagaa mkononi, nikangoja. Kila alipogeuza kichwa akanitazama machoni kwa hiari yake, nilimwinulia dole gumba, kisha nikampa kichwa cha dagaa. Dole gumba ndilo likawa neno letu la kwanza, nalo maana yake ni vyema. Utaratibu una umuhimu wake hapa: kidole kitangulie, chakula kifuate. Chakula kikitangulia, mbwa hutazama mkono wenye dagaa na hajifunzi kitu.

Kwa wiki mbili hatukufanya lingine. Huenda msomaji akaona ni muda mrefu kwa somo dogo, lakini humo ndimo yamo masomo yote. Mbwa anayesikia unaweza kumwita hata akiwa amekupa mgongo. Kiziwi akikupa mgongo, umetoweka. Huna neno la kumfikishia. Lazima awe na mazoea ya kugeuka mwenyewe, kila baada ya hatua chache, kukuuliza kwa macho: twende wapi? Nilimfunga kamba ya katani yenye urefu wa mita 10, tukatembea vijia vya mashamba ya chai. Aligeuka, akapata dole gumba na dagaa. Hakugeuka, nilisimama kama mti, na kamba ikamfundisha kwamba safari haiendelei. Baada ya miezi mitatu kamba ikawa haina kazi, ingawa niliendelea kumfunga tulipokaribia barabara. Bodaboda wa milimani huzima injini kwenye mteremko ili kubana mafuta. Hata mbwa mwenye masikio mazima huwa hawasikii, sembuse yeye.

Ishara nyingine zilifuata moja moja. Kiganja kilichosimama wima mbele ya kifua: ngoja. Kiganja kinachoshuka kuelekea ardhini: lala chini. Mkono unaofagia hewa hadi kifuani: njoo. Hapo ndipo nilipokutana na somo la fonolojia. Wajukuu wangu walimwita kwa namna tunayowaitia watu hapa kwetu, kiganja kikielekea chini na vidole vikikunjwa. Tazama alianza mbio kuja, akafika katikati ya uwanja, akalala chini tuli, akatazama, akingoja dagaa. Watoto walicheka hadi wakakaa. Mimi niliona jozi mlinganuo finyu, kama bata na pata: tofauti ndogo mno kwa msikilizaji aliye mbali. Kwa macho ya mbwa aliye hatua 40, kuita kwa watoto na kulaza kwangu vilikuwa neno moja. Tulifanya kikao cha familia kama baraza la lugha. Ishara ya watoto ikapewa ithibati kuwa njoo, kwa kuwa ndiyo ya jamii nzima, na lala chini ikahamia kwenye ngumi iliyonyooshwa mbele. Tangu siku hiyo nina kanuni ambayo mtunzi yeyote wa mashairi ataitambua: neno jipya lisiingizwe mpaka limepimwa kando ya maneno yaliyopo.

Jambo la hatari zaidi lilikuwa usingizi. Wahenga wanaonya tusimwamshe aliyelala, kwani tukimwamsha tutalala sisi. Mbwa kiziwi akiguswa ghafla usingizini anaweza kuruka na kung'ata kabla hajajua ni nani. Nyumba yangu hujaa wajukuu wakati wa likizo, na katika nchi yenye kichaa cha mbwa hakuna ang'ato la kuchekewa. Chanjo anapata kila mwaka, lakini chanjo haiondoi jino mkononi mwa mtoto. Kwa hiyo nilimfundisha kuamka. Nilileta kiganja karibu na pua yake, nikaacha harufu yangu imfikie, kisha nikamgusa bega kwa kidole kimoja, na alipofumbua macho akakuta dagaa mbele yake. Mara kumi kwa siku, kwa miezi miwili, kuguswa kukageuka kuwa habari njema. Wajukuu nao walipata sheria yao: asiye mtu mzima hamwamshi Tazama, akimtaka, atikise kwa mguu ubao wa kibaraza akiwa mbali, angoje ainue kichwa.

Ilibaki heshima ya majirani. Wengi wao ni Waislamu, na aliyetawadha hapendi kuguswa na mbwa mwenye mate. Mbwa asiyesikia hana namna ya kukatazwa kwa ukali wa sauti anapomkimbilia mgeni. Nilimwekea mpaka wa mawe meupe hatua tano ndani ya lango, akajifunza kukaa nyuma ya mpaka huo mpaka apewe ishara. Yule mama jirani aliyekuwa akiniambia, "Mwalimu, mbwa huyo atatutia najisi sote," sasa hupita langoni na kikapu chake cha majani mabichi ya chai bila kukaza mwendo. Siku moja nilimwona anamwinulia kiganja kilichosimama: ngoja. Naye akangoja.

Hapa niweke tanbihi, maana wasomaji wa mambo ya lugha huenda wameanza kulinganisha. Ishara zangu na Tazama hazifiki 15, hazina sarufi, wala hatuwezi kuzitumia kuzungumza habari za jana. Lugha za alama za viziwi ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1960 William Stokoe, aliyekuwa akifundisha Gallaudet nchini Marekani, alionyesha kwamba alama za viziwi zina vijenzi vyake kama maneno yalivyo na fonimu: umbo la mkono, mahali unapowekwa, na mwendo wake. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili ya watu, yenye watani wake na washairi wake. Si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na ile ya Kenya ya mwaka 2010 zimeitaja lugha ya alama. Nikimsikia mtu akimwita mwenzake bubu kwa sababu tu hazungumzi kwa kinywa, namrekebisha. Huyo anazungumza, anayemtazama ndiye hajasoma lugha yake.

Sasa nifike kwenye usiku ulionipa jibu la mwanafunzi wangu.

Ulikuwa Julai wa mwaka wa pili, katikati ya kipupwe. Mchana upepo uling'oa lango la fito, na tulipotoka shambani Tazama hakuwapo. Kufikia saa kumi na moja ukungu ulikuwa umeshuka, ule mzito ambao mtu ananyoosha mkono na kuvipoteza vidole vyake. Majirani walijitokeza kwa wingi kuliko nilivyotarajia. Walitawanyika vijiani wakiita, "Tazama! Tazama!" Nilisimama nikizisikiliza sauti zao zikizama katika weupe ule, nikalisikia jina nililompa kana kwamba ni mara ya kwanza. Watu walikuwa wakimwita asiyesikia kwa neno la kumtaka aone, mahali ambapo hakuna aliyeona kitu. Ishara zote nilizomfundisha hazikuwa na thamani. Tochi, ambayo jioni za kawaida nilimwita kwa kuimulika mara mbili, iliangaza ukungu tu. Tulipofika bondeni, kijito kilikuwa kimejaa, na mmoja wetu akasema kwa sauti ya chini lile ambalo sote tulikuwa tukilifikiri.

Saa nne majirani walirudi kwao. Mimi nilibaki nikipiga hesabu ya mwalimu: anajua nini ambacho bado kipo? Macho yamezibwa, masikio hana, ardhi ni ndefu mno kwa mtikisiko. Iliyobaki ni pua. Milimani, usiku hewa hupoa, ikawa nzito, ikateremka kutoka mgongoni kwenda bondeni kama maji. Nilivua sweta nililokuwa nimelivaa tangu asubuhi, lenye jasho la siku nzima, nikaliweka chini pale vijia vitatu vinapokutana, juu ya bonde. Mke wangu alinitazama nikitetemeka, akasema, "Mzee, utakufa wewe kabla ya mbwa." Nilimwambia kwamba ile ni barua, na kwamba upepo ndio tarishi.

Sikulala. Alfajiri, ukungu ulipoanza kunyanyuka kwenye michai, tulikwenda na mke wangu. Mama jirani alikuwa ametangulia. Alikuwa akielekea shambani kuchuma kabla jua halijapanda. Alisimama kijiani akatunyooshea mkono. Juu ya sweta, amejikunja, ameloa umande, ana mwiba sikioni na tope hadi tumboni, alikuwa Tazama. Nilipiga magoti, nikaleta kiganja karibu na pua yake. Alifumbua macho kabla sijamgusa.

Mama yule alitikisa kichwa. "Mwalimu," alisema, "kumbe amekusikia."

Alikuwa na maana ya harufu, na hakuhitaji kulitaja neno hilo. Kiswahili chake kilimtosha. Nami pale kijiani nikalielewa jambo nililolifundisha kwa miaka mingi. Wahenga waliotupa kitenzi hiki hawakuchanganya milango ya fahamu. Waliona kwamba, sauti ikiwa imeondolewa, bado kuna kitu kinachopokewa: habari inatoka kwa mmoja na kumfikia mwingine, kwa pua, kwa ngozi, kwa tumbo, kwa ardhi. Kusikia ni kufikiwa. Kuona kumewekwa kando kwa sababu jicho huenda kutafuta, ilhali harufu, baridi, njaa na uchungu huja vyenyewe na kutukuta tulipo. Huo ni ufafanuzi wangu, si wa kamusi, na niko tayari kuujadili na yeyote mwenye hoja bora. Lakini nisingekuwa nao kama yule mbwa angepelekwa bondeni akiwa na wiki saba.

Tazama sasa ana miaka minne. Hulala kizingitini, ubavu wake umeugusa mlango, na mtu akikanyaga kibaraza yeye huinuka kabla ya mbwa wa nyumba ya pili. Jirani aliyenipa amekwisha kuniuliza, kwa mzunguko mrefu kama ilivyo adabu, namna ya kumfundisha mbwa wake mwenye masikio mazima asiyesikia la mtu. Nilimwambia aanze na dagaa na subira.

Na masikio yangu mwenyewe yameanza kupungua. Kwanza ilikuwa redio, kisha wajukuu, sasa ni mke wangu akiniita kutoka jikoni. Siku hizi haniiti tena. Huja hadi mlangoni, hungoja niinue macho kutoka kwenye kitabu, kisha hunyoosha mkono, kiganja chini, vidole vikikunjwa. Tunainuka wawili, mimi na mbwa, twende tukale.